Omba Saa Kabla ya Kuomba Hela: Kupata Mapumziko Ukiwa Unauguza Nyumbani

Mke wangu, Mama Zuhura, alipata kiharusi mwezi wa Aprili 2019, alfajiri, akiwa ameinama kuwasha jiko la mkaa. Mkono na mguu wa kulia havikurudi. Maneno nayo yaliondoka, yakabaki mawili tu: "haya" na "bado". Kusikia, anasikia kila kitu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, tunaishi Mtoni kwa Azizi Ali, Temeke, na tangu siku ile kazi yangu ni kumuuguza.

Miaka mitatu ya mwanzo nilimuuguza peke yangu, nikiamini ndivyo mume anavyotakiwa. Usiku naamka kila baada ya saa mbili kumgeuza. Mchana namwosha, namlisha, namnyoosha viungo, nafua mashuka, nakimbilia dukani na kurudi. Siku moja nilikwenda hospitali kumchukulia dawa zake, foleni ikawa ndefu, nikaegemea ukuta nikasinzia nimesimama. Muuguzi mmoja akaniona, akaniketisha, akanifunga mashine ya presha. Ikasoma 190 kwa 110. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Baba, nani anakupokea?"

Sikuwa na jina la kumtajia.

Haya ni maelezo ya namna nilivyolipata jina la kwanza, kisha la pili na la tatu. Nakuandikia wewe unayeuguza mzazi, mwenza au mtoto hapa Dar es Salaam na hujui uanzie wapi kupata hata nusu siku.

Daftari kwanza, mtu baadaye

Mara ya kwanza nilipojaribu kutoka, nilimwita binti wa mdogo wangu akae na mama yake mkubwa. Nilimwambia, "Uji uko kwenye chupa, mpe saa nne." Nikaondoka. Niliporudi nilimkuta mke wangu macho mekundu, anakohoa hadi anatetemeka, na binti analia pembeni. Alimlisha akiwa amelala chali, uji mwepesi, kijiko cha kulia wali. Akapaliwa. Siku ya tatu homa ikapanda, tukalazwa siku tano kwa homa ya mapafu. Yule binti alifanya kile ambacho mtu yeyote asiyeelekezwa angefanya. Mimi ndiye niliyekuwa na elimu yote ya kumlisha kichwani mwangu, na sikuwahi kuitoa ikaonekana.

Kwa hiyo nunua kaunta buku. Usiandike kwa kukumbuka. Kwa wiki moja nzima, kila unachofanya kiandike palepale, pamoja na saa. Utashangaa. Mimi niligundua kwamba kila ninapompita kitandani huwa nagusa kisigino chake cha kulia kuona kama kimepata joto. Nilikuwa nafanya hivyo kwa miaka bila kujua kwamba nafanya, sasa ningemwambiaje mtu mwingine?

Wiki ikiisha, chukua yaliyo muhimu uyaandike upya kwa mwandiko safi, kurasa za mwanzo, kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la saba ataelewa. Ukurasa wangu wa kulisha unasema hivi:

"Mwinue akae wima kabisa. Mito miwili mgongoni, mmoja chini ya mkono wa kulia. Kidevu kiinamie kifuani kidogo, kisitazame juu. Uji uwe mzito: udondoke kwenye kijiko, usitiririke. Tumia kijiko cha chai, kisijae. Weka upande wa kushoto wa mdomo, wa kulia hausikii. Ngoja uone koo limepanda na kushuka, umwambie 'meza tena', ndipo kijiko kingine. Akikohoa, acha, mpaka atulie. Akimaliza, safisha shavu la kulia kwa mswaki laini, uji hujificha humo. Asilazwe kabla ya nusu saa."

Wa kwako utakuwa na mambo yake. Uzito wa uji, kwa mfano, mimi nilielekezwa na watu wa hospitali baada ya ile homa, nawe uliza wanaomtibu mgonjwa wako.

Ukurasa wa ngozi nao usikose. Mtu asiyejigeuza anapata vidonda vya kulalia upesi: visigino, nyonga, kitokono, mabega. Vitabu vingine vinasema tazama wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo andika: gusa kwa mgongo wa kiganja, sikia kama pana joto kuliko pembeni, kama pamekakamaa au pamekuwa laini isivyo kawaida, kama pana kivuli cheusi zaidi. Ukipaona, asilalie hapo tena, na umwambie Mwalimu akirudi. Andika pia kwamba asivutwe kamwe kwa mkono uliopooza, maana bega huteguka. Kumvuta juu kitandani tunatumia shuka iliyokunjwa chini yake, watu wawili, kila mmoja upande wake.

Ukurasa wa hatari uandike kwa kalamu nyekundu. Mdomo ukipinda upya, mkono wa upande mzima ukilegea, kichwa kikimuuma ghafla sana, akipoteza fahamu, hakuna kungoja wala kunipigia kwanza. Akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni. Chini yake pana namba ya kijana wa bajaji wa kona yetu, jina la hospitali tunakokwenda, na mahali ilipo bahasha yenye nauli, kadi yake na nakala ya cheti cha mwisho cha dawa.

Dawa zenyewe usimwachie mtu paketi nzima. Nafunga za kila wakati kwenye kibahasha kidogo cha duka la dawa, naandika "Jumamosi usiku". Kikiwa kitupu, amekunywa.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni ule wa maneno yake mawili. "Bado" huku anatazama mlango: anataka kwenda haja. "Bado" akifumba macho: hujamwelewa, rudia kuuliza taratibu. "Haya" fupi: ndiyo. "Haya" ndefu yenye mvuto mwishoni: amekasirika, na mara nyingi ni kwa sababu watu wanazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Zuhura, binti yetu mwenyewe, alikuwa hajui haya mpaka aliposoma. Alinipigia simu kutoka Mwanza, nikamtumia picha ya ukurasa huo, akakaa kimya kwenye simu muda mrefu.

Omba saa

Tuna watoto wanne, na kusema kweli hawajatutupa. Kila mwezi kwenye kundi la familia: "Pole baba, nimetuma elfu hamsini." Hela ile ilinunua pampasi za watu wazima, dawa, gesi. Usingizi haikununua hata wa saa moja, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeomba hela. Waliitikia nilichoomba.

Nikachora ratiba kama ile ya darasani. Siku saba, kila siku vipindi vinne: asubuhi, mchana, jioni, usiku. Visanduku 28. Nikajaza jina la anayemuuguza katika kila kisanduku. Jina langu lilitokea mara 28. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi bila lawama yoyote, nikaandika chini yake: "Wanangu, naomba kila mmoja achukue visanduku viwili kwa mwezi, aseme ni vipi."

Kisha nikaomba kikao cha ana kwa ana. Hili nakushauri sana: mambo ya zamu hayamalizwi kwa simu, kila mtu hutuma alama ya mikono iliyokunjana, yakaishia hapo. Kikao nilimwomba mjomba wao, kaka yake mke wangu, akiongoze. Baba akilalamika kuhusu uchovu, watoto huona aibu au hujitetea, mjomba akisema, "Dada yangu ana wanne, nani Jumamosi?" jibu hupatikana. Nasi wanaume tuna ugumu wetu. Nilikuwa tayari kusema kiuno kinauma, sukari imepanda, chochote, ila neno "nimechoka" lilikataa kutoka. Siku ile nililitoa.

Omba kitu kinachoshikika. "Mje mnisaidie siku mojamoja" haimpi mtu pa kushika. "Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni" mtu anaiandika, anapanga safari zake kuizunguka. Na usimpe kila mtu kazi ileile. Kijana wangu wa Goba hawezi kumsafisha mama yake, wala mama yake hatakubali, na ni haki yake mke wangu kustiriwa. Yeye alichukua hospitali: anapanga foleni, anachukua dawa, anarudi nazo. Hizo ni saa nne zangu kamili. Zuhura aliye Mwanza anatoa hela, lakini sasa hela yake ina jina: inamlipa anayekuja kila Jumatano. Anapotuma, anaandika "Jumatano ya mama".

Mgonjwa aambiwe na yeye mwenyewe

Hapa wengi tunakosea kwa kudhani tunamlinda. Siku ya kwanza ya mgeni kuja, nilitoroka kupitia mlango wa uani ili asiumie. Alilia mchana kutwa. Alidhani nimemwacha.

Siku hizi namwambia tangu jana yake, nikiwa nimekaa usawa wa macho yake. Namwambia naenda wapi, nani anakuja, nitarudi saa ngapi. Nimetundika saa kubwa ya ukutani mbele ya kitanda, namwonyesha: mshale mdogo ukifika hapa, mimi nipo mlangoni. Halafu narudi saa ileile. Nikiona foleni ya barabara ya Kilwa imekaza, nashuka daladala napanda bodaboda. Dakika zile tano za kutimiza ahadi ndizo zilizomfanya wiki ya nne aniambie "haya", ile fupi, hata kabla sijamaliza kueleza.

Jirani, na mtu wa kulipwa

Jirani anafaa kwa saa mbili, na usimzidishie. Wapangaji wetu ni mtu na mkewe; mkewe hukaa na Mama Zuhura Alhamisi jioni, wakisikiliza taarabu redioni, nami humfundisha mwanawe hesabu Jumapili. Tusiwafanye majirani kuwa wadeni wetu wala sisi kuwa wadeni wao. Akina mama wa msikitini na wa jumuiya ndogondogo wana utaratibu wa kutembelea wagonjwa tayari, nao huwa wanakuja kumi kwa pamoja siku moja, wanakaa dakika ishirini. Waombe kwa adabu waje wawiliwawili kwa wiki tofauti na wakae saa mbili. Wa kwetu walifurahi kuombwa hivyo.

Mtu wa kulipwa ni jambo la kuangalia zaidi. Mimi nilianzia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na kwa wahudumu wa afya wa mtaani kwetu, maana wao wanawafahamu wauguzi wastaafu na wahudumu waliowahi kufanya kazi wodini wanaoishi karibu. Karibu ni neno kubwa katika jiji hili. Anayetoka Tegeta kuja Mtoni atachelewa kila mvua ya masika ikinyesha, na siku atakayochelewa ndiyo uliyo na miadi. Mtafute wa kutembea kwa miguu.

Akijitambulisha kuwa ni muuguzi, mwombe leseni yake. Wauguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kama si muuguzi, si vibaya, mradi usimpe kazi za kiuguzi kama kubadilisha mpira wa mkojo. Wote wawili waombe nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa anaoishi, na watu wawili aliowahi kuwauguzia, uwapigie kweli. Kisha mlipe siku mbili za kukaa naye ukiwepo. Siku ya kwanza wewe ufanye yeye atazame. Ya pili yeye afanye, nawe ukae kimya. Mtazame anavyoingia chumbani: anamsalimia mgonjwa kwanza au anakusalimia wewe? Niliyemchukua aliingia, akachuchumaa kando ya kitanda, akasema, "Shikamoo mama, mimi ndiye nitakayekusumbua Jumatano." Mke wangu akacheka. Leseni niliikagua baadaye.

Vitu vya thamani viweke mbali, kadi ya benki na nyaraka zenye dole gumba la mgonjwa hasa. Hiyo ni stara kwa pande zote mbili, mtu asije akasingiziwa.

Nakuomba pia usimbebeshe dada wa kazi uuguzi juu ya kupika, kufua na kulea watoto kwa mshahara uleule. Ukimwajiri, soma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mimi niliisoma ili nisimdhulumu yule mama wa Jumatano. Nilipofika kwenye hizo saa 24 nilifunga kijitabu nikatazama nje ya dirisha. Nchi imeona kwamba mtu anayefanya kazi ya mikono ya kulipwa hawezi kuishi bila siku ya kupumzika. Sisi tunaofanya kazi hiyohiyo usiku na mchana, na mgonjwa ni wa moyoni mwetu, nani alituambia tunaweza?

Ofisi za kupitia

Halmashauri zote tano za Dar es Salaam, yaani ya Jiji (iliyokuwa manispaa ya Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, zina idara ya ustawi wa jamii. Nenda ukaandikishwe, hata kama siku hiyo utarudi mikono mitupu. Mgonjwa anayejulikana ofisini hukumbukwa viti vya magurudumu vikiletwa. Kama unauguza mwenye saratani, Taasisi ya Saratani Ocean Road wana kitengo cha tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na watu wa tiba shufaa wamefundishwa kumwangalia hata anayeuguza, kwa hiyo waambie hali yako na wewe. Watu huniuliza kuhusu makazi ya wazee ya Nunge kule Kigamboni. Yale ni ya wazee wasiojiweza wasio na wa kuwatunza. Si mahali pa kumwacha mzazi wiki moja ukapumzike.

Namna ya kuondoka

Anza na saa tatu. Usizitumie kwa kazi za nyumbani. Kwenda sokoni kununua vitu vya mgonjwa ni sehemu ya kuuguza, hata kama umetoka nje. Saa zangu tatu za kwanza nilizipeleka barazani kwa rafiki yangu, chini ya mwarobaini, kucheza bao. Nusu ya kwanza nilikuwa nagusa simu kila dakika. Nikampa rafiki yangu simu aishike, tukakubaliana kwamba nyumbani wakipiga atanipa. Hawakupiga. Nilizigawa kete na nikasikia zinavyogonga shimo, sauti niliyokuwa nimeisahau.

Rudia saa hizo tatu wiki nne mfululizo kabla hujajaribu usiku mmoja. Usiku una mambo yake: kugeuza, umeme kukatika na feni kuzima, mbu. Anayekupokea usiku alale chumba kimoja na mgonjwa, na mchana unaofuata awe hana kazi nyingine. Baada ya usiku mitatu iliyopita salama, unaweza kupanga siku tatu.

Zangu zilikuwa Desemba 2023. Nilikuwa na ngiri niliyoivumilia tangu kabla ya kiharusi chake, daktari akataka kunipasua. Mjomba akasimamia zamu, watoto wakaja kwa visanduku vyao, mama wa Jumatano akachukua usiku. Nami niliacha pesa mbili tofauti: bahasha ya dharura na bahasha ya matumizi ya nyumba, ili mtu asiogope kuchukua bajaji kwa kuhofia hela ya mboga.

Wanaokupokea watafanya tofauti na wewe. Watamvika khanga usiyoipenda, watamlisha dakika kumi baada ya saa yake. Kama ngozi ni nzima, dawa zimekwisha kwenye vibahasha na hajapaliwa, yaache.

Niliporudi, nikitembea polepole kwa ajili ya mshono, sikuanza kuuliza maswali. Nilikaa kwanza kitandani kwake. Kisha nilifanya ninachokushauri ufanye kila urudipo: nikagusa visigino, nyonga na kitokono, nikahesabu vibahasha, nikasoma daftari tangu nilipoondoka. Walikuwa wameandika kila saa, miandiko minne tofauti. Kwenye ukurasa wa maneno mawili, chini ya niliyoyaandika mimi, kijana wangu wa Goba alikuwa ameongeza mstari: "'Bado' akishika mkono wako kwa ule wa kushoto: usiondoke kwanza."